Mshale Uliogoma Kushuka

Karani wa ofisi ya kuajiri watu wa migodini alifika kwetu Mbozi siku ya Jumamosi, lori lake limejaa vumbi la njia ya Tunduma, akapanga vyombo vyake juu ya meza mbele ya ghala la kahawa. Alikuwa na tepurekoda, amplifaya ya kukuza sauti iliyotumia umeme wa jenereta dogo, na spika ya tarumbeta aliyoifunga juu ya lori. Mwingereza alikuwa bado anatutawala, na vijana wetu wengi walikuwa Rodesia ya Kaskazini, chini ya ardhi, wanachimba shaba. Ofisi yake ilikuwa imebuni jambo jipya. Wachimbaji wanarekodiwa kwenye ukanda kule kambini, kila mmoja na salamu zake, kisha karani anazunguka na ukanda huo kijiji hadi kijiji ili familia zisikie. Tulijua fika kwamba nia yao ilikuwa kuwavuta vijana wengine waende. Lakini mama ambaye hajaisikia sauti ya mwanawe tangu mavuno ya mwaka juzi hana haja na nia ya ofisi.

Mimi nilikuwa fundi redio katika karakana ya misheni. Kazi hiyo niliipata jeshini wakati wa vita, katika kikosi cha mawasiliano, na niliporudi nyumbani nilikuwa nimeshajifunza mambo mawili: kutengeneza mashine na kugombana na watu. La pili sikulipia hata senti. Mke wangu alikuwa akisema kwamba hasira zangu hazina hodi, zinaingia tu.

Mdogo wangu wa kike, tumbo moja na mimi, alisimama mstari wa mbele siku ile, mtoto mgongoni. Mumewe alikuwa mgodini mwaka wa pili, na barua zake zilikuwa zimekatika tangu masika. Kando yake alisimama mama mkwe wake, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, na nyuma yao kaka mkubwa wa mumewe. Watu wengine walikuja kusikia salamu. Wao watatu walikuja kujua kama mtu wao yu hai.

Zamu ya mumewe ilipofika, karani alitaja jina lake na sauti ikatoka. Ilikuwa nzito, inakwaruza, kama mtu anayesema huku amefunika mdomo kwa debe. Ilimsalimu mama, ikamsalimu mke, ikauliza kama mtoto ameota meno yote. Ikauliza habari za kahawa ya mteremko wa juu, ile waliyoipanda wao wawili kabla hajaondoka, na kama paa bado linavuja upande wa jikoni. Kisha msemaji akapaza sauti, na pale pale spika ikaanza kunguruma. Hatukuambulia neno. Iliporudi kusikika ilikuwa inaaga.

Mdogo wangu alipiga makofi na kucheka na kulia, vyote kwa pamoja. Nani mwingine angejua habari za paa la jikoni? Wanawake wakamkumbatia. Hapo ndipo mama mkwe wake aliposema, wala hakupaza sauti:

"Huyu si mwanangu."

Watu walinyamaza. Karani akacheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha.

Inafaa nieleze kwa nini tulinyamaza. Mama akisema hivyo mbele za watu, hajasema jambo dogo. Kama barua zimekatika na sauti iliyokuja si yake, basi yeye mwenyewe yuko wapi? Jibu lilikuwa moja, na kila mtu pale alilijua. Nyuma ya jibu hilo kulikuwa na jingine. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, tunaimba tenzi na kubatiza watoto, lakini mume akifa ukoo wake bado ulikaa kikao juu ya mjane. Ama anarithiwa na ndugu wa marehemu, ama anarudi kwao mikono mitupu na kuiacha nyumba na shamba. Huyo kaka mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mke na watoto wengi na shamba lililochoka. Lakini kahawa ya mteremko wa juu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuzaa vizuri, na nilimwona akiitazama hata siku ile, wakati wengine wote tunaitazama spika.

"Wazee watakaa Jumatatu," akasema.

Mdogo wangu alinifuata hadi karakana. Hakuwa analia tena. "Kaka, wewe unazijua hizi mashine. Mimi nimemsikia mume wangu. Mama anasema siye. Niambie nani amesikia vibaya."

Nilikasirika sana. Nilimkasirikia yule mama kwa kumwua mtu kwa mdomo. Nilimwendea karani, ambaye alikuwa analala misheni hadi Jumatatu, nikamwambia amplifaya yake ina ugonjwa na mimi nitaipima. Alifurahi. Alisema kila alikopita watu walilalamika kwamba inanguruma, naye hakujua la kufanya.

Tukapima Jumapili baada ya ibada. Sikutaka kufanya kwa siri. Niliwaita mdogo wangu, mama mkwe wake na huyo kaka mkubwa waingie karakana waone kwa macho yao, maana nilijua nikileta jibu peke yangu ningeambiwa nimemtetea ndugu yangu.

Mashine ya sauti haipimwi kwa kuisikiliza tu. Sikio ni mvivu, linazoea ubovu upesi na kuuona uzuri. Unaanza na mlio mmoja safi, usiochanganyika na kitu. Nilikuwa na chombo kilichouzwa na jeshi baada ya vita, chenye kutoa mlio wa mizunguko elfu moja kwa sekunde. Ukiuingiza mlio huo katika amplifaya nzima, unatoka vilevile ulivyoingia, ila mkubwa zaidi. Amplifaya mbovu inauzalia. Umeingiza elfu moja, inakutolea elfu moja pamoja na elfu mbili, elfu tatu, elfu nne, ambazo wewe hukuziingiza. Hizo za ziada ndizo zinazokwaruza sauti ya mtu, zinamfanya kijana aseme kama mzee na mzee aseme kama debe.

Sasa utazijuaje, wakati zimejificha nyuma ya ule mlio mkubwa? Unautega ule mlio wenyewe. Nilikuwa nimetengeneza chujio kwa koili ya waya niliyoisuka kwa mkono na kapasita chache, vile vidude vya kuhifadhi umeme. Kazi yake ilikuwa kuizuia elfu moja peke yake na kuziachia nyingine zote zipite. Kwanza unaweka mshale wa mita kwenye mia, chujio likiwa nje. Kisha unaingiza chujio. Kinachobaki kwenye mita ni kile ambacho mashine imekiongeza yenyewe. Mashine nzuri, mshale unaanguka hadi mbili au tatu.

Niliwaeleza hivyo. Kaka mkubwa akauliza, "Na chujio lako likiwa ndilo bovu?"

Lilikuwa swali zuri, na liliniudhi kwa sababu hiyo. Nikapeleka mlio moja kwa moja kwenye chujio bila kupitia amplifaya. Mshale ukaanguka hadi chini kabisa, ukalala. "Umeona? Chujio halina neno. Sasa tuone hiyo ya karani."

Nikaunganisha. Nikaweka mia. Mdogo wangu alikuwa ameshika ukingo wa meza. Alielewa vizuri kilichokuwa mezani. Mshale ukianguka, amplifaya ni nzima, sauti ile ilikuwa imetoka kama ilivyo, na mama amesikia sawasawa. Mshale ukikataa kuanguka, mashine imeiharibu sauti ya mumewe, na kuna matumaini.

Nikaingiza chujio. Mshale ukashuka kidogo, ukayumba, ukasimama kwenye ishirini.

Nikadhani sijalenga vizuri. Nikazungusha kitufe cha chujio polepole, kushoto, kulia, nikitafuta mahali pa chini zaidi. Mshale uligoma. Nikaongeza sauti kama karani alivyoongeza jana. Mshale ukapanda, ukapita thelathini.

"Sema basi!" mdogo wangu akaniambia.

Nilimvalisha spika za masikio ili asikie kile kilichobaki baada ya mlio wa kweli kuondolewa. Ulikuwa mlio mwembamba, mkali, wenye mikwaruzo. "Hicho," nikamwambia, "ndicho mashine inachomwongezea mumeo. Si chake. Hakukisema yeye." Alifumba macho akasikiliza, kisha akazivua akampa mama mkwe wake.

Yule mama alisikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Aliporudisha zile spika uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. "Basi huenda nilikosea," akasema. "Mungu anipe kuwa nimekosea." Nikaona haya kwa hasira zangu zote za tangu jana. Mwanamke yule hakutaka hata kidogo kuwa amesikia sawa.

Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshapata moto. Watu walikuwa wamekusanyika nje wakisubiri. Nikatoka nikasimama mlangoni nikatangaza kama mnadishaji. "Mashine hii inaongopa! Msiiamini! Inachanganya maneno ya watu na uongo wake yenyewe!" Watu wakacheka, mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Mdogo wangu alicheka hadi akakaa chini. Kaka mkubwa alisimama kando, amekunja mikono, ananisikiliza.

Kuutafuta ugonjwa hakukuchukua muda. Kulikuwa na kapasita iliyokuwa inavuja, inapitisha umeme usiotakiwa kwenda kwenye valvu kubwa, ile taa ya kioo inayoisukuma spika. Valvu ikawa inafanya kazi imeegemea upande mmoja. Sauti ndogo iliimudu kwa shida, sauti kubwa ikaikata vichwa. Nilitoa kapasita nyingine kwenye redio mbovu ya misheni, nikachomelea, nikapima tena. Mia. Chujio. Mshale ukaanguka hadi tatu ukatulia.

"Sasa tumsikie," akasema mdogo wangu.

Karani akafunga ukanda. Mara hii hatukutumia tarumbeta ya lori, nilitumia spika ya karakana, nzuri zaidi. Mle ndani tulikuwa sisi watano tu na mlango nimeufunga.

Sauti ikatoka, safi. Ilikuwa sauti ya mtu mwingine.

Haikuhitaji mita. Ilikuwa sauti ya kijana, nyepesi, na Kinyiha chake, lugha yetu, kilikuwa cha mtu aliyekulia kwenye Kinamwanga, lugha ya majirani zetu. Ilimsalimu mama, ikamsalimu mke, ikauliza meno ya mtoto. Kila neno lilikuwa lilelile, wala hakuna mashine iliyoliharibu. Nilitaka kuizima. Nilinyoosha mkono, mdogo wangu akaushika.

Ikafika kwenye paa la jikoni. Ikapaa, pale palipokuwa pamenguruma, na safari hii hapakunguruma. Mtu yule alisema kwa nguvu, neno moja moja, kama anayesomea watu tangazo: "Mke wangu asitolewe katika nyumba ile. Kahawa ya mteremko wa juu ni yake na mtoto. Asirithiwe kama hataki. Mama, nakuomba ulishike neno hili." Kisha ikaaga.

Mtu aliye hai hasemi hivyo katika salamu.

Ukanda uliendelea kuzunguka, mchimbaji mwingine akaanza kuwasalimu watu wake wa Ikinga, na hakuna aliyeuzima. Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa anamtazama mdogo wangu. Kisha yule mama, ambaye jana alisema mbele ya kijiji kizima kwamba huyu si mwanawe, akasema:

"Ni yeye. Leo nimemtambua. Ni mwanangu yule."

Sijawahi kuona mtu akisema uongo kwa upendo mkubwa kiasi kile.

"Siye, mama," mdogo wangu akajibu. "Siye. Lakini maneno ni yake." Akamfungua mtoto mgongoni akampakata, akatoka nje bila kufunga mlango.

Jumatatu wazee wakakaa. Karani alikuwa ameshaondoka alfajiri na ukanda wake, maana ofisi ilikuwa inaufuta na kuurekodi upya. Nilieleza tuliyoyasikia, neno kwa neno. Kaka mkubwa alinisubiri nimalize, akasimama kwa heshima.

"Wazee wangu, fundi huyu jana alisimama mlangoni mwake akatutangazia kwamba mashine ile inaongopa, tusiiamini. Wote mlimsikia. Leo anataka tugawe shamba la ukoo kwa neno la mashine hiyohiyo. Nami nawauliza, inaongopa au haiongopi?"

Nilipiga kelele. Nilieleza kapasita, nilieleza chujio, nilieleza ile mia, ile ishirini na ile tatu ya mshale. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mtu anayegeuza maneno. Mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Mwanangu, kaa." Yule mama alisema alisikia. Wakamwambia ni yeye yuleyule aliyesema siye, kisha akasema ndiye. Mwishowe wakaamua kama wazee wetu walivyoamua siku zote. Kwetu kifo hakitumwi kwa karatasi wala kwa waya. Anakileta mtu kwa miguu yake, anasimama nje ya nyumba, anasema alichokiona. Mashine si mtu. Kwa hiyo hapakuwa na msiba, na kwa hiyohiyo hapakuwa na wosia.

"Mimi nitaiangalia kahawa mpaka mwenyewe arudi," akasema kaka mkubwa. Msimu wa kuchuma ulikuwa umeanza.

Kesho yake alipeleka watoto wake mteremko wa juu na vikapu. Mdogo wangu alikwenda pia, na kikapu chake, akachuma katika mistari ileile bila kusemezana nao. Alikuwa mjane asiyeruhusiwa kulia. Hakunyoa nywele, hakukaa matanga, hakuvaa nguo ya msiba, kwa sababu kikao kilisema mumewe hajafa. Jioni alipokuwa akishuka, kahawa waliyoichuma wengine ilikuwa imeshapelekwa kwenye nyumba ya kaka mkubwa. Mimi nilitaka kwenda kumvunja mtu meno. Aliniambia, "Kaka, ukimpiga utanimaliza." Nikabaki karakana, nikiharibu redio za watu kwa hasira.

Yule mtu alikuja katikati ya mavuno. Alikuwa ameshuka lori Tunduma akapitia kwao Ndalambo, kisha akaja kwetu kwa miguu. Nilikuwa uani kwa mdogo wangu siku hiyo. Kijana mwembamba alisimama nje ya ua, blanketi limekunjwa begani, hakupiga hodi, hakukaribia mlango. Kila mtu kwetu anajua maana ya mtu anayesimama hivyo. Akatusalimu, na kwa neno la kwanza tu nikaijua sauti.

Mdogo wangu aliijua pia. Alimpelekea kigoda. Kijana akakataa, mleta msiba hakai kabla hajasema. Alieleza akiwa amesimama. Kifua kilimshika shemeji yangu, akalazwa hospitali ya mgodi. Waliposikia kwamba watu wa salamu watakuja na mashine, alijua hatafika siku hiyo, akampangia yeye, rafiki yake, maneno ya kusema, akamfanya ayarudie mpaka yakakaa. Watu wa mashine walipofika alikuwa ameshazikwa.

"Sikuweza kusema kafa, mama," alimwambia mama mkwe, ambaye alikuwa amefika na kusimama karibu na jiko. "Habari ile si ya kusemea kwenye mashine. Na mkataba wangu ulikuwa haujaisha. Nikasema ngoja nitoe maneno yake kama alivyonipa, mengine nitayaleta mwenyewe. Pale pa nyumba na kahawa alinisisitiza sana. Kwa hiyo pale nilipaza sauti yangu yote, ili pasikike."

Nilikaa chini. Alipaza sauti ili pasikike. Na kile kipande alichokipigia kelele kuliko vyote ndicho mashine ile ilichokitafuna.

Yule mama alianza kulia, kilio cha kweli, kile alichokuwa amekizuia tangu Jumapili ile. Watu wakasikia, wakaanza kuja kutoka mashambani, mmoja mmoja, wanawake mikono kichwani. Kaka mkubwa naye alikuja akikimbia kutoka mteremko wa juu, mikono yake bado myekundu kwa maganda ya kahawa. Alipomwona kijana na blanketi alisimama, akavua kofia. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyefiwa na mdogo wake, sitasema vinginevyo.

Mdogo wangu alikuwa bado hajalia. Alimshika yule kijana mkono, akampeleka hadi mbele ya shemeji yake, yule kaka mkubwa, karibu kabisa, na wazee wakiwa wamesimama nyuma.

"Yaseme yale ya nyumba na kahawa," akamwambia. "Safari hii usipaze sauti."